Mtarakwa Niliouua kwa Huruma

Habari za kifo chake zilinikuta dukani Jumanne asubuhi, nikinunua maziwa. Mwenye duka aliniambia huku akihesabu pakiti, kana kwamba nilikuwa najua tayari: jirani yetu wa hapa mtaa wa Pioneer, karani mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama wa Miti, ametutoka. Tangu siku hiyo nimejaribu kuandika safu hii, na kila nikikaa nainuka. Nafungua mlango, natazama mawingu, narudi kwenye kiti, naacha chai ipoe. Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba mimi si mtu wa kuhangaishwa na msiba, nimezika wengi. Huyu amenikosesha utulivu kwa sababu kuna jambo baina yetu ambalo sijawahi kulieleza hapa. Alifuga bonsai, yaani miti ya kweli, mizeituni mwitu na mitarakwa ya misitu yetu, iliyopandwa kwenye vyungu vipana na kupogolewa mizizi na matawi mwaka baada ya mwaka mpaka mti wa miaka ishirini ukawa na kimo cha paka aliyeketi. Yote aliiweka nje, hata Julai na Agosti, wakati baridi ya Eldoret inapoingia mifupani.

Mwaka mmoja, Julai kama hii, dada yake aliugua huko magharibi, naye akaenda kumuuguza, akaniachia miti kwa wiki tatu. Maagizo yalikuwa machache. Vyungu vikae palepale, chini ya ukuta wa mawe unaohifadhi joto la mchana, vimezungushiwa magunia na maranda ili mizizi isipigwe na baridi. Nisikate tawi, nisitie mbolea. Maji asubuhi tu, na ni pale nitakapogusa udongo nikaukuta mkavu. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano mvua ya mawe ilinyesha, nikaiona ile miti midogo ikitetemeka, moyo ukanishinda. Niliibeba yote hadi sebuleni kwangu, nikaipanga karibu na jiko, nikainywesha maji asubuhi na jioni kama wagonjwa. Nilijiona mtu mwema kweli.

Aliporudi alisimama mlangoni pangu na mkoba bado begani. "Jirani, miti inafanya nini kwa nyumba?"

"Mama, baridi ilikuwa mbaya. Niliionea huruma."

Alikwenda moja kwa moja kwa mtarakwa mkubwa kuliko yote, aliouokota ukiwa mche barabara ilipokuwa ikipanuliwa, akakwaruza gome lake kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa pakavu, rangi ya karatasi kuukuu.

"Lakini bado ni wa kijani," nikasema.

"Huu ulikufa wiki iliyopita," akasema. "Ni vile tu haujaambiwa."

Akaitoa yote nje mwenyewe, mmoja mmoja, kwenye manyunyu, akinikataza kumsaidia. Baada ya hapo nilimkwepa. Kwa zaidi ya mwezi nilizunguka njia ya nyuma ili nisipite langoni kwake. Halafu asubuhi moja akaniita juu ya ua: "Wewe! Mpaka lini? Kuja ushike hapa." Akanikabidhi kipande cha tofali na kunionyesha jinsi ya kukiweka chini ya upande mmoja wa chungu, kiiname, maji ya mvua yasituame kwenye mizizi. Hakuutaja mtarakwa. Kila msimu wa baridi uliofuata aliniita, na kila mara alinipa kazi ngumu kidogo kuliko ya mwaka uliotangulia.

Nikimfikiria naona aibu, maana mimi siko hivyo, na mji wetu hauko hivyo. Mwendesha bodaboda aliyenivunjia trei ya mayai mara moja tu, sijampanda tena. Ofisini karani akipoteza faili, hapewi lingine. Anapewa dirisha la kutazama nje hadi achoke aondoke. Fundi akikosea kipimo tunamtangaza mtaa mzima. Tunasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kisha tunamfukuza mhunzi.

Baada ya mazishi binti yake alikuja kwangu. "Mama alisema miti zikuje kwako," akasema.

Nilishtuka. "Kuna wenzake wa kikundi cha maua, wanajua kuliko mimi. Mimi niliua mmoja."

"Alituambia. Alisema hao wengine hawajawahi kuua, kwa hivyo hawajui kuogopa."

Vyungu kumi na kimoja viko uani kwangu sasa. Jana alasiri mvua ya mawe ilianza, nikajikuta nimeshakumbata mzeituni mwitu, nikielekea mlangoni. Nikasimama. Nikaurudisha chini ya ukuta, nikaufunika kwa gunia juu ya vijiti, nikabaki hapo nikilowa mpaka ikakatika. Leo nimeutazama mara tisa. Msamaha wa kweli, nimeona, haumtulizi mtu. Humrudishia kazi ile ile aliyoiharibu, kisha humwacha nayo.