Kiraka Kisichokauka

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipofungua chumba chetu cha kushonea na kukuta blanketi nililolikunja jana yake likiwa kavu limelowa sehemu moja tu. Lakini usikae juu ya sanduku na mimba yako hiyo, vuta kiti. Umekuja kuniomba vitambaa vyangu vya zamani ili uvimalizie kwenye chumba chako kipya cha kushonea huko Mugumu, na nitakupa. Kwanza nisikilize mpaka mwisho, maana ukinisikiliza nusu utaniona bibi mwoga tu.

Tulikuwa ndio tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, huku kwetu Itiryo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na koo ambazo zamani zilitenganishwa na bonde zikajikuta zinachota maji kisima kimoja. Baridi ya huku unaijua. Nguo madukani zilikuwa za kupanga foleni, mablanketi ndiyo kabisa hayakuonekana. Kina mama tukaamua kushona mablanketi ya viraka. Kila nyumba ilileta fungu lake la nguo kuukuu, na kijiji kikatupa chumba kando ya ghala la mahindi.

Kiongozi wetu alikuwa Mama Zaituni, mjane wa fundi cherehani wa Tarime mjini, Mwislamu mtaratibu asiyependa fujo. Mimi nilikuwa msichana bado, akanipa kazi ya kupanga. Nilitenga nzito na nyepesi, kaki peke yake, khanga peke yake, nikang'oa vifungo na kuvitia kwenye kopo. Mafungu ya nyumba zote tuliyachanganya makusudi. "Hapa hakuna kitambaa cha fulani," alisema Mama Zaituni. "Kikishaingia humu ni cha wote." Niliipenda kazi ile. Jioni kabla ya kufunga nilisimama mlangoni kuziangalia tu rafu zangu zilivyokaa.

Blanketi la kwanza tulimpa Nyangi, jirani yangu, aliyejifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Mumewe alikuwa kazini Ikoma, na nyumbani mwenye kauli alikuwa baba mkwe wake, Mzee Chacha. Mtoto alikuwa mdogo mno, analia tu, na jina halijampata. Si unajua, mtoto huitwa jina la marehemu, akinyamaza na kunyonya amelikubali. Walishamwita majina ya wazee wote wa nyumba ile, na bado alilia.

Siku ya pili Nyangi akalirudisha blanketi. Kiraka kimoja cha kaki, karibu na shingo, kilikuwa kimelowa. Tulicheka, tukasema ni mkojo. Akaninusisha. Kilinuka majani yaliyonyeshewa, na mvua hatukuwa tumeiona tangu mavuno. Nikakianika kikakauka, nikamrudishia. Kesho yake kimelowa palepale, viraka vya pembeni vikavu kabisa. Na mtoto mwenyewe alikuwa anapoa mwili, anakuwa wa baridi. Zahanati walisema hana homa, lakini alikuwa ameanza kukataa ziwa, na kila mwanamke aliyempakata alimrudisha kwa mama yake haraka.

Mama Zaituni akaamua blanketi lilale kwetu, juu ya rafu, ndani ya gunia. Ufunguo niliondoka nao mimi. Ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo. Nililitoa mbele ya Nyangi na Mama Zaituni, nikagusa kiraka, kimelowa tena.

Nikashika mkasi. Nilitaka kukitoa, nikitupe motoni, niweke kingine. Hapo akaingia Bibi Robi, kikongwe aliyekaa peke yake mstari wa mwisho. Tukamwamkia, hakuitikia. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya ile kaki.

"Unataka kumtoa nje tena?" akaniuliza.

"Nani, bibi?"

"Mwita wangu. Hili ni shati lake. Walimuua kwenye ugomvi wa ng'ombe, akalala nje na mvua mpaka asubuhi. Nililifua mwenyewe. Nimelianika kiangazi baada ya kiangazi, halikauki. Nikasema nikilileta hapa, likikaa pamoja na ya wenzake, labda litakauka."

Nikauweka mkasi chini. Hakuna aliyemtazama mwenzake, maana wote tulijua Mwita aliuawa na vijana wa ukoo gani. Ulikuwa ukoo wa Mzee Chacha, ukoo wa mtoto yule aliyekuwa anapoa mikononi mwa mama yake.

Nyangi akauliza taratibu, "Aliacha mtoto?"

"Hakuacha. Hakuna nyumba inayoita jina lake."

Nyangi akanituma nimlete baba mkwe. Mzee Chacha akaja, akasimama nje, kwa kuwa haikuwa heshima yeye kusogea penye mkamwana anayenyonyesha. Nikakaa mlangoni, maneno yakawa yanapita kwangu: Nyangi anaomba mtoto aitwe Mwita.

"Jina hilo haliwezi kuitwa kwenye boma langu," alisema. "Huyo marehemu anakuja kwangu kutafuta nini?"

Bibi Robi akajibu kutoka ndani, bila kupandisha sauti. "Mwambie hatafuti ng'ombe. Anasikia baridi."

Hapo mtoto akanyamaza, lakini si kwa kutulia, ni nguvu ya kulia ilikuwa imemwishia. Niliogopa kimya kile kuliko nilivyoogopa kiraka. Mzee Chacha alikisikia pia. Akazunguka mpaka dirishani, akavua kofia, akasema, "Mwita. Mura, kijana, Mwita. Ingia ndani."

Mtoto akageuza uso, akatafuta ziwa. Nyangi akalia. Nikakigusa kiraka, na mpaka leo sina maelezo: kilikuwa kikavu, kina joto la mwili wa mtu.

Tangu hapo, kila asubuhi jina lile lilipoitwa kwenye boma la Mzee Chacha, Bibi Robi alikuwa ameshafungua mlango wake na kukaa, anasubiri kulisikia. Sitakudanganya kwamba aliwasamehe. Sikuwahi kumsikia akitamka hivyo. Ila alikaa na kusikiliza mpaka alipokufa.

Sasa chukua sanduku. Panga kwa rangi, panga kwa uzito, vitambaa vitumie mpaka viishe. Lakini anayekuletea nguo muulize ilikuwa ya nani, na ameileta ili iweje, kisha umsikilize hata kama kazi itachelewa. Na kitambaa kikikusumbua, usikimbilie mkasi. Tafuta kwanza kimekosa nini.

Mtoto yule ndiye baba mkwe wako, mwanangu, tuliyemzika masika yaliyopita. Wakanirudishia blanketi lake, na nimeliweka juu kabisa sandukuni. Miezi yote hii lilikuwa kavu. Leo asubuhi, kabla hujafika, nimeligusa, na kiraka kile kimelowa.

Sikutishi. Akizaliwa wa kiume na akakataa kutulia, unajua la kumwita. Mungu akufungue salama, aishike mikono yako kazini, na kila atakayelala chini ya mshono wako aamke ana joto.