Injini Inayonong'ona ya Mzee Augustino

Siku ya kwanza Tadea kupanda Landrova ya Mzee Augustino, walibishana nauli mpaka abiria wa nyuma wakaanza kuguna. Tadea alitaka kiti cha mbele kwa nauli ya nyuma. Mzee, mwembamba, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha gogo lililolala chini ya kiti.

"Anayekaa hapa ndiye anayeshuka mlimani kuweka gogo nyuma ya tairi, gari isiturudishe ziwani. Utaweza, mwanangu?"

"Nitaweza. Ila kazi hiyo ina ujira wake."

Mzee akacheka, akampunguzia. Kuanzia hapo Tadea akawa mtu wa gogo, na kiti cha mbele kikawa chake.

Alikuwa ananunua usipa, dagaa wa ziwani, kule Lipingo ufukweni na kuuuza Mbinga, juu milimani. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda milimani, na Wamatengo wanaoilima wakapata cha kununulia kitoweo. Tadea aliyeanza na bakuli moja sokoni sasa alikuwa na meza tatu, na hakuna aliyemsaidia kuzipata.

Kilichomkera Lipingo kilikuwa kimoja. Landrova ile ilinguruma na kugonga vyuma, sauti ikafika pwani mapema kuliko tairi. Akina mama wenye vichanja vya usipa wakiisikia kule kona za juu, walikusanyika kwa Bibi Mektilda, mkubwa wao, wakapatana bei. Tadea akishuka alikuta mdomo mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bei ni ileile uliyoikataa juzi. Imenenepa kidogo tu."

Kwa hiyo injini ilipoanza kuchoka, Tadea hakulia. Ilitoa moshi wa bluu, ikanywa oili kama mlevi, na mlimani abiria wote walishuka kusukuma. Lakini safari moja ya mvua walikwama, magunia yake yakalowa, usipa ukaoza. Hapo akaelewa kwamba gari ile ikifa, na yeye amekwama. Kwa Mzee Augustino mambo yalikuwa mazito zaidi: shamba lake la kahawa alikwisha kuliuza ili ainunue. Hakuwa na pa kurudi.

Fundi Mansuetus akaifungua injini chini ya mkaratusi, akapitisha kidole ndani ya silinda, akatikisa kichwa.

"Zimeshachongwa mara mbili, mzee. Nikichonga tena, ukuta utabaki ganda la yai. Ukiitaka hii hii, iwekwe slivu za kuvalisha silinda kwa ndani, pistoni mpya, na krenki ichongwe. Au utafute ya Kijapani, mtumba."

"Hii ugonjwa wake naujua," alisema Mzee Augustino, mkono wake juu ya chuma kana kwamba anapima homa. "Hiyo ya Kijapani sijui imeua wangapi huko ilikotoka."

Tadea akasogea. "Slivu za kuagiza utazisubiri mpaka watoto wa Mansuetus waoe. Ya Kijapani iko Songea, nimeiona ikiwaka. Kitakachopungua nitaongeza mimi, nawe utanibebea magunia bure msimu huu."

"Na wewe unapata nini?"

"Usipa wangu unafika mkavu."

Ilikuwa kweli, lakini nusu. Nusu nyingine ni kwamba injini ile ilipowashwa, Tadea alimsikia hata muuzaji akimeza mate.

"Inanguruma?" aliuliza mzee.

"Inanong'ona."

Mzee akamtazama. "Inanong'ona," akarudia taratibu. Kisha akakubali, kwa masharti: Mansuetus aende akaisikilize ikiwashwa ikiwa ya baridi, na injini ya zamani ibaki kwake.

Mansuetus alirudi ameridhika. Akakata maunti zinazoshikilia injini na kuzichomelea upya, akatengeneza bamba la chuma la kuunganisha injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza. "Hapa nimefungisha ndoa ya mseto," alisema, akijifuta grisi.

Safari ya kwanza waliteremka kimya. Lipingo waliwakuta akina mama wametawanyika, wengine kwenye mihogo, Bibi Mektilda yuko majini akisugua sufuria. Tadea alinunua kwa huyu bei hii, kwa yule bei ile, zote za chini, na gari ikajaa. Bibi Mektilda alifika mbio, kanga inachuruzika.

"Augustino! Siku hizi mnatunyemelea kama wezi wa kuku?"

Mzee alikuwa anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Mlima waliupanda bila kuligusa gogo.

Safari ya pili, kwenye kona ya kwanza ya juu, Mzee Augustino alibonyeza honi mpya, ya lori, akaivuta mpaka masikio ya Tadea yakawasha. Kona ya pili, tena.

"Mzee, mbele hakuna gari!"

"Gari hii haisikiki, mwanangu. Nisipopiga honi nitaua mbuzi wa watu."

"Mbuzi gani? Mimi sioni mbuzi."

"Ndiyo hao usiowaona wanaogongwa."

Pale chini, mdomo mmoja ulikuwa unamsubiri, umejifunga kanga kavu. Tadea alitafuta la kumshika nalo mzee, akakosa. Walipatana magunia, honi haikutajwa. Akajikuta anacheka. Miaka yote ya kununua na kuuza, ni wachache waliokuwa wamempunja kwa adabu namna ile.

Usipa wake ulifika mkavu msimu mzima, akaongeza meza ya nne. Bei ya Lipingo ilibaki kwa Bibi Mektilda. Msimu ulipokwisha Tadea aliomba kuinunua injini kuukuu kwa bei ya chuma chakavu. Mzee alikataa, kuku walikuwa wanatagia ndani yake, nyuma ya jiko. Basi Tadea akapanda mbele, akatoa nauli ya nyuma kama zamani.

"Gogo liko wapi?" aliuliza mzee.

Tadea akapapasa chini ya kiti. Hakukuwa na kitu.

"Nimempa Bibi Mektilda, analikalia," alisema Mzee Augustino, kiganja bado kiko wazi. "Ongeza, mwanangu. Kazi hiyo imekwisha, na aliyeimaliza ni wewe."

Tadea akaongeza.