Nilipobonyeza Kurekodi Kwenye Kaseti ya Mteja

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya redio Iringa, miaka ya sabini, Fundi Mkuu alinipa pamba na spiriti, akaniambia nisafishe vichwa vya deki za kaseti. Kichwa ni kile kichuma kinachosoma mkanda. Nilikuwa binti wa miaka kumi na nane, nimetoka kidato cha nne, aibu imenijaa. Daftari langu la siku hiyo linasema: "Leo sijaongea na mtu, nimeongea na mashine tu."

Alinifundisha kuchagua deki iliyotumika. Pitisha kucha juu ya kichwa. Ukisikia mfereji, kimekwisha, achana nayo. Halafu tazama mpira unaozungusha mkanda. Ukilegea, sauti inakokota kama ya mgonjwa. Taa na rangi, alisema, ni za kuuzia tu.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu mkavu asiyecheka. Pale alikuja mzee mfugaji ambaye familia yake ilihamia Usangu kutoka kaskazini. Deki yake ilikuwa inakokota, na ndani mlikuwa na kaseti ya marehemu baba yake akiwaaga ndugu waliobaki kule. Nakala hakuna. Wiki hiyo alikuwa anasafiri kuwapelekea.

Nilibadilisha mpira, ikabaki kujaribu kurekodi. Sheria yetu ilikuwa utoe kaseti ya mteja, uweke ya karakana. Mimi nikasahau, nikairudisha mwanzo ile ile, nikabonyeza, nikasema moja, mbili, tatu. Ndipo nikaona jina la mzee kwenye kaseti. Nikazima.

Nilitaka kunyamaza, maana ndiyo ilikuwa tabia yangu. Lakini nilienda kwa Msimamizi, nikamweleza huku natazama viatu vyake.

"Umehesabu mpaka ngapi?"

"Tatu, bosi."

"Afadhali wewe mwoga wa kusema. Wenzako wanafika ishirini, wanapenda sauti zao."

Akanieleza kwamba mkanda huanza na kipande kisichoshika sauti, cha sekunde chache. Kama nilikivuka, hakujua. Akaniagiza nikamwambie mteja mwenyewe, kisha asikilize yeye, maana ndiye anayeijua sauti ya baba yake.

Nikamwambia. Mzee akainamia spika, nikaiwasha kaseti. Kimya. Kisha kikohozi, kisha mtu akaanza kuongea Kisukuma, taratibu.

"Baba anaanzaga na kukohoa," mzee akasema. "Maneno yake yote yapo. Kaa chini mwanangu."

Nikakaa. Kabla hajaondoka nilivunja vijino viwili vya nyuma ya kaseti. Vikitoka, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena.

Siku ya kustaafu niliombwa hotuba. Nilisema asanteni, nikakaa. Vijana wanaotafuta deki za zamani huniuliza wanunue ipi, nami nawaambia habari ya kucha na mpira. Ila nikiwa peke yangu huwa nashukuru jambo moja. Mikanda nimekata, vidole nimeungua, mashine za watu nimeharibu mbili tatu, lakini miaka yote ile sikufuta sauti ya mtu.