Dume Halikupimwa

Ng'ombe wa mama alipotupa mimba kwa mara ya pili, majirani walikuja kutupa pole. Wakasimama pembeni mwa banda, kila mmoja akamtazama ng'ombe, kisha wakamtazama mama. Mpaka leo nikiyakumbuka macho yale damu inanichemka. Ng'ombe hajipi mimba mwenyewe. Pale pale Kimara, nyumba ya nne ukipanda mlima, lilikuwepo dume lililompanda mara zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kulitazama.

Mama alikuwa mkunga wa kliniki ya serikali. Alistaafu miaka ile ya mwanzo wa tisini, soko limefunguliwa na kila mtu anaambiwa ajitegemee. Kiinua mgongo chake kilitosha kununua ng'ombe mmoja chotara, mweusi mwenye mabaka meupe, na mabati ya kuezekea banda. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi ndiyo kwanza nimeanza ualimu, na mshahara wenyewe ulikuwa unaishia njiani. Kwa hiyo tulikuwa tukitaniana kwamba ng'ombe yule ndiye baba mwenye nyumba, maana ndiye aliyetulisha na kumsomesha mdogo wangu. Asipozaa hakuna maziwa, na bila maziwa hatukuwa na kingine.

Zamani alikuwa akija bwana mifugo wa serikali na mtungi wake wa baridi kali wenye mbegu za madume ya kisasa. Ng'ombe akiwa kwenye joto unamwita, anakuja, anamaliza, anakwenda zake. Huduma ile ilikufa kimya kimya. Mara gari halina mafuta, mara mtungi umekauka, mara bwana mifugo mwenyewe amepunguzwa kazini. Tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, watu binafsi wataziba pengo. Kwetu Kimara pengo lilizibwa na mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa bosi wa shirika la umma na rafiki wa marehemu baba, aliyenunua dume.

Nisiseme uongo, lilikuwa dume zuri. Shingo nene, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Ukimpeleka ng'ombe wako, unakwenda na gunia la pumba, basi. Mzee huyo ndiye aliyekuwa pia na bomba la maji lisilokatika, na nusu ya mtaa tulichota kwake. Mtu unayechota maji kwake humnyooshei kidole.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne hivi. Mama akasema ni bahati mbaya, hata kwa binadamu hutokea. Akampandisha tena kwa dume lile lile, safari hii ng'ombe akawa anarudi kwenye joto mara kwa mara, anashika, anaachia, mpaka mwisho akashika na kutupa tena. Jirani yetu wa bondeni, mwanamke wa kutoka Lindi aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi, naye alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na yaliyomkuta mama yalikuwa yameshamkuta yeye. Wengine juu kule walikuwa wakinong'ona hivyo hivyo.

Basi zikaanza sababu. Mama anamlisha majani mabichi ya muhogo. Banda chafu. Banda chafu, la mama yangu, aliyekuwa akipiga deki banda kuliko wengine wanavyopiga deki sebule! Mwingine akasema mjane hatakiwi kukamua, ana mkosi. Yule wa vitumbua yeye aliambiwa ana mkono mzito. Niliwajibu watu vibaya wiki ile, na sijutii.

Mwenye dume alikuja mwenyewe, na bakora yake, akakaa kwenye kigoda akasema kwa upole mkubwa, "Shemeji, ng'ombe huyu kizazi kimeisha. Muuze bucha angali na nyama. Mie nitakutafutia mtu, usihangaike."

Mtaani kwetu aliyekutafutia mtu wa bucha hupewa maini siku ya kuchinja. Ndiyo ahsante yake. Mama akamwambia atafikiri.

Mzee alipoondoka mama aliendelea kusugua ndoo ya maziwa, ndoo ambayo haikuwa na maziwa ya kutosha hata kuchafuka. Halafu akaniuliza, "Unajua kliniki mwanamke akija ameharibu mimba mara mbili, tulikuwa tunamwambia nini?"

Nikasema sijui.

"Tulikuwa tunamwambia aje na mumewe, wapimwe damu wote wawili. Maana kaswende unaweza kumtibu mke leo, kesho akarudi nayo kutoka kitandani kwake. Na unajua waume wangapi walikuja?" Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Walikuwa wanatuma salamu."

Kesho yake alimtafuta daktari wa mifugo, kijana aliyeacha kazi serikalini akawa anazunguka na pikipiki yake. Alivaa glavu ndefu mpaka begani, akampima ng'ombe, akanusa uchafu uliokuwa ukimtoka, akauliza maswali mengi. Mimba zilitoka na umri gani? Anarudi joto baada ya muda gani? Ana homa, amekonda? Mwisho akauliza swali ambalo mtaa mzima ulikuwa umelikwepa: "Mara zote alipandwa na dume gani?"

Alitueleza kwamba kuna kijidudu kinachoenezwa kwa kupandana tu. Jike kinamharibia mimba changa. Dume hakimfanyi kitu. Linakula, linanenepa, linang'aa, na kijidudu kinakaa kwenye ngozi inayofunika uume wake miaka na miaka, likimgawia kila jike linalompanda. Kutazama kwa macho hakusaidii. Linasafishwa pale kwa maji maalumu, maji yale yanapelekwa maabara. Likikutwa nacho, dume hilo ndilo la kwenda bucha.

"Na jike?" mama akauliza.

"Jike ukimpumzisha miezi mitatu, minne, asipandwe kabisa, mwili wake unakitoa wenyewe. Ukimrudisha kwa dume lile lile, umerudi mwanzo."

Mama akamgeukia ng'ombe wake. Kumbe mwenye kupona ndiye aliyekuwa anatafutiwa bucha.

Tulikwenda kwa mzee jioni ile ile, mimi, mama na daktari. Tulimkuta barazani na wenzake wawili wanakunywa kahawa. Nikamwamkia shikamoo kwa heshima zote. Mama akaeleza polepole, kwa lugha ile ya kliniki isiyomtia mtu aibu, akamalizia kwamba daktari atalipima dume bure.

Mzee aliweka kikombe chini. "Dume langu lishikwe huko chini, lioshwe kama mtoto mchanga? Shemeji, mnanidhalilisha."

"Hakuna anayekudhalilisha. Ni kupima tu."

"Mbona halijawahi hata kukohoa? Litazame lile. Lile la kuumwa? Ugonjwa uko kwa majike yenu, na kama ni hivyo basi nyie ndio mtaniulia dume langu." Wenzake wakacheka. Mmoja akasema wanawake siku hizi wamefunguliwa pamoja na soko. Wakacheka tena.

Daktari alijaribu kusema, mzee akamwuliza ana umri gani. Nilifungua mdomo, mama akanibana mkono. Tukaondoka. Afya ya ng'ombe wa mlima mzima ilikuwa imeshindwa na haya ya mtu mmoja, tena haya kwa niaba ya dume, ambalo lenyewe wala lisingejali.

Mama alipita nyumba kwa nyumba akieleza. Walimsikiliza, wakamkaribisha chai, na kesho yake ungewaona wanapandisha mlima na ng'ombe kamba mkononi na gunia la pumba kichwani. Wengine walisema, mama wee, sie tutampata wapi dume mwingine? Na maji je? Hilo la maji tuliliona wenyewe. Tangu jioni ile ya barazani, tukifika na ndoo tunaambiwa bomba bovu. Tukawa tunateremka kuchota kisimani bondeni.

Yule wa vitumbua alikuwa amechelewa. Mama alipomfikia, mumewe alikuwa ameshakubali maneno ya mzee yale yale ya bucha, na ng'ombe ameshachinjwa. Nilipita buchani siku hiyo nikamwona mzee anatoka na maini yamefungwa kwenye gazeti. Sikumwamkia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumpita mtu mzima bila shikamoo.

Ng'ombe wetu tulimpumzisha. Tulikunywa uji wa chumvi, mdogo wangu akakaa nyumbani muhula mmoja, na kila ng'ombe alipolia joto mama alimfunga na kuziba masikio. Daktari alihangaika huku na huku mpaka akapata mbegu za mrija, zile za madume ya kisasa, kutoka mikoani, akazileta kwenye mtungi mdogo aliouazima. Mimba ikashika. Ikapita miezi minne, mitano, sita. Mwezi wa saba mama alianza kuongea na tumbo la ng'ombe kama alivyokuwa akiongea na wateja wake wa kliniki. Ng'ombe akazaa ndama jike, mzima.

Mzee alikuja kutoa hongera. Akamtazama ndama, akatikisa kichwa kwa hekima. "Umeona, shemeji? Ugonjwa ulikuwa kwa jike. Sasa jike limepona, ndama huyo." Watu waliokuwepo wakaitikia kwamba kweli. Dume lake liliendelea na kazi miaka mingine kadhaa, na sijui lilimaliza mimba ngapi.

Aliyekuja wa mwisho alikuwa yule mwanamke wa vitumbua. Hakuja na maneno mengi. Aliingia bandani, akachuchumaa, akawa anampapasa ndama shingoni.

"Dada," akamwuliza mama, "na wangu angepona?"

Mama alikuwa na tabia yake ya kazini: hamdanganyi mgonjwa. "Angepona, mdogo wangu. Ilikuwa ni kumpumzisha tu."

Mwanamke yule hakulia. Aliendelea kumpapasa ndama, huku na huku, taratibu.

"Na maini alichukua yeye," akasema.