Ujumbe wa Jumapili

Harufu ya mahindi yaliyopukuchuliwa, yakiota jua juu ya turubai, hunijia mpaka leo hata nikiwa katikati ya bahari. Nililelewa Tongaren, magharibi mwa Kenya, na msimu ninaoukumbuka kuliko yote ni mavuno ya mwaka nilipokuwa darasa la sita. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Magunia kumi na mawili yaliyokuwa uani ndiyo yangetulisha mpaka mavuno mengine, na yasipokauka vizuri yangeota ukungu. Mama alikuwa amejiandikisha kupokea utabiri wa hali ya hewa kwa simu, na kwa kuwa macho yake hayakuona herufi ndogo za simu, kazi ya kumsomea ilikuwa yangu. Niliringa nayo kama niliyepewa uchifu.

Nyumbani hatukuwa na umeme, kwa hiyo simu ilipelekwa sokoni kuchajiwa, na mara nyingi ililala huko ikiwa imezimwa. Jumanne moja asubuhi niliichukua, nikaiwasha, na ujumbe ukaingia hapo hapo: leo na kesho hakuna mvua. Nikakimbia nao nyumbani. Tukaanika mahindi yote, kisha tukaenda kung'oa maharagwe ng'ambo ya mto. Saa nane mchana mawingu yakashuka kutoka Mlima Elgon. Tulipofika uani, tukihema, mahindi yalikuwa yakielea.

Mama hakunipiga, ingawa nilitamani anipige yaishe. Alikaa juu ya gunia tupu, leso yake ikichuruzika maji.

“Si ulisema hakuna mvua?”

“Simu ndio ilisema, Mama.”

“Hebu soma tena. Ilitumwa lini?”

Nikatazama. “Jumapili.”

“Na leo ni?”

Nikaangua kilio. Mama akasimama, akakunja mikono ya gauni. “Nyamaza, ulete karai. Hii maindi haiozi mimi nikiwa hapa.”

Tuliyatandaza sakafuni, mezani, hata kitandani, tukalala tumeketi. Wiki nzima tuliyageuza kwa mikono karibu na moto. Magunia matatu yaliharibika, tukayafukia, na kabla ya mavuno yaliyofuata uji wetu ulikuwa mwepesi kama maji. Jirani alimcheka Mama: “Ati bado unaamini simu?” Mama alianza kuandika kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni: ujumbe umetumwa lini, umesema nini, na kwetu kumenyesha au hakukunyesha. Msimu ulipokwisha alijua kwamba mji wa Kitale ulio karibu ukitabiriwa manyunyu, kwetu ni mvua, tuanue mahindi.

Leo mimi ni afisa wa meli ndogo ya mizigo inayotoka Mombasa. Utabiri wa upepo na mawimbi huja kwa setilaiti, na ramani zake zina rangi za kupendeza. Mwezi uliopita nahodha alitaka tung'oe nanga alfajiri. Nilikagua, nikakuta ramani ile ilikuwa ya jana asubuhi. Mpya ilikuwa imekataa kuingia. Akanung'unika kwamba bahari imetulia, haoni tunachongoja. Nikamwambia sitapanga safari kwa utabiri wa jana, nikakaa pale pale mpaka mpya ukaingia. Ulionyesha upepo mkali kufikia mchana. Tukabaki bandarini.

Jioni nilimpigia Mama. Sasa ana umeme na simu yake haizimwi, ila ule ukuta amekataza usipakwe rangi. Nikamsimulia yote, nikingoja sifa.

“Magunia matatu,” akasema taratibu. “Basi hatukuyafukia bure.”