Dole Gumba la Bi Mwanakheri

Mwaka 1954 nilipanga chumba cha juu katika nyumba moja ya Malindi, mjini Unguja. Chini yangu aliishi Bi Mwanakheri, mshonaji wa kofia. Mumewe, Hija, kuli wa bandarini, alikuwa amefariki kwa homa mwezi uliotangulia, na yeye alikuwa akikaa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja, bila udi. Mtoto wao wa pekee, Msabah, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Misri. Mimi nilimsaidia kuandika barua zake, ndiyo maana nayajua haya.

Nimekaa kwenye mabenchi ya afisi za Aden, Bombay na Marseille nikisubiri muhuri, na kila mahali benchi ni lile lile. La hapa Unguja lilimchosha Msabah kabla hajaanza safari. Misri haikutoa viza kwa mtu asiye na pasipoti. Pasipoti nayo haikutolewa kwa kijana wa miaka kumi na tisa mpaka mzazi wake afike mwenyewe mbele ya karani, aidhinishe, atie dole.

"Mama yangu yumo edani," Msabah alimwambia karani, Muhiddin.

"Basi subiri atoke."

"Akitoka, chuo kishafunguliwa na nafasi yangu kapewa mwengine."

"Sasa mimi nifanyeje, ndugu yangu? Nimfuate chumbani?"

Msabah akaenda kwa kadhi. Kadhi alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa dharura, mradi arudi kabla ya jua kuchwa. Kama masomo ya mwanawe ni dharura au si dharura, hilo ajibu mama mwenyewe.

Bi Mwanakheri alipoletewa jibu hilo aliendelea kushona. Aliyesema ni jirani yake, Bi Wanu, aliyekuwa akija kila siku kumpikia.

"Kataa. Nani atakulaumu? Na watu wenyewe ndio hawa! Watasema mume hajakauka kaburini, mke yuko Forodhani anapunga upepo."

"Watasema."

"Na akishakwenda, nani atakuchotea maji? Mimi? Kwa mgongo huu?"

"Wanu, niache nchoke peke yangu."

Kisha akasema neno jengine kwa sauti ndogo. Nilikuwa ngazini, nikalisikia: "Nlikuwa naomba kadhi aseme haramu."

Siku zikapita. Msabah hakumuuliza tena. Alikuwa akirudi, anakaa kizingitini, anavua viatu, anatazama ukuta. Hata kula alikula kama mtu anayetimiza kazi ya kutumwa.

Asubuhi moja mama akamwita.

"Msabah!"

"Naam, mama."

"Nipe buibui langu. Twende kabla sijabadilika."

Karani alitaka na shahidi, kwa hivyo nikawafuata. Bi Mwanakheri alikwenda akishika kuta, miguu imeshasahau njia. Kila baraza tuliyoipita ilinyamaza. Mwanamke mmoja akauliza, wala hakunong'ona, "Si mke wa marehemu Hija huyo?"

"Shikamoo, mama," alisema Muhiddin.

"Marahaba."

"Fungua uso kidogo nikujue."

"Ushawahi kuniona?"

"La."

"Sasa nikifungua utanijuaje?"

Muhiddin akacheka, akanigeukia. Nikamwambia ndiye.

"Unaridhia mwanao aende Misri kusoma?"

Nje muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe. Msabah alitazama sakafu, na nadhani wakati ule angeambiwa twende nyumbani, angekwenda bila neno.

"Kutaka, sitaki," Bi Mwanakheri akasema. "Lakini naridhia."

"Mama, hapa hapana pahala pa kuandika sitaki."

"Basi andika hiyo nyengine."

Akatoa mkono, akachovya dole gumba katika wino, akalikandamiza. Likatoka doa jeusi tupu. Miaka ya sindano ilikuwa imelila dole lile, halina tena mistari.

"Rudia, mama. Halikutoka."

"Tena?"

"Tena."

Akapangusa dole kwa upindo wa kanga, akarudia. Safari hii alilibana pole pole, akalishikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Pasipoti ikatoka, na viza ikaja. Siku ya meli eda ilikuwa bado haijesha. Bandari iko karibu hata mtoto angekwenda na kurudi kabla chai haijapoa, na Bi Wanu alimshauri aombe ruhusa tena.

"Nimwambie kadhi dharura gani?" Bi Mwanakheri alimuuliza. "Nnakwenda kulia?"

Msabah akamuagia chumbani, akambusu mkono, akachukua sanduku lake. Baadaye honi ya meli ikalia, madirisha yakatetema. Bi Wanu akaanza kulia kwa kwikwi.

"Nyamaza nawe," nikamsikia Bi Mwanakheri. "Nshachoka. Nsogezee mto huo nlale."