Jamvi Lililokataa Moto

Mwanangu, siku ile Bwana Athmani alipolikalia jamvi langu naikumbuka kama jana. Lingevunjika, mama angezima jiko lake.

Tulikuwa Matondoni, vita vya Wajarumani vimeanza, mabati hayapatikani. Nyumba za jirani ziliungua kwa cheche ya jikoni, na Bwana Athmani, fundi wa vyombo vya baharini na mkubwa wa mji wetu, akakataza mtu kupika chini ya makuti. Mama yangu ni mjane, akitulisha kwa kuuza vitumbua. Na masika ndiyo hayo yameingia. Apike wapi, mvuani?

Nikasema nitatia dari baina ya moto na makuti. Dari ya mawe boriti zetu zisingeibeba, basi nikachukua jamvi nikalipaka udongo. Nilipolitundika juu ya jiko, udongo ukakauka ukapasuka, vipande vikaanguka ndani ya unga wa mama.

"Leo twala vitumbua vya mchanga?" akacheka jirani yetu, Bi Khadija.

Nami nikacheka, lakini moyo waniuma.

Baada ya Alasiri nilikuwa nasokota kamba, nikaona usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, unavyoshikana, hata uuvute vipi. Ala! Nikaukatakata, nikauchanganya na udongo na chokaa, nikapaka jamvi jingine pande zote mbili, nyembamba nyembamba, nikalikausha kivulini.

Bwana Athmani akaja. Akalilaza juu ya mawe mawili, akalikalia, na mwili wake ule! Halikulia.

"Hilo la uzito," akasema. "Sasa la moto."

Akawasha kienge cha makuti, kile cha kuchomea wadudu wa vyombo, akakishika chini ya jamvi mpaka kikamwishia mkononi. Mama midomo yaenda kwa dua. Akapangusa masizi kwa kiganja. Chini yake chokaa nyeupe, nzima.

"Bi Zuhura, washa jiko. Moto hauna ndia ya kupita hapa. Na binti yako anitengezee na mimi, mke wangu amenichosha kwa maneno."

Vigelegele vikapigwa mpaka punda wakakimbia! Jioni ile, mvua yanyesha, mama alichoma vitumbua ndani, jamvi langu juu ya jiko.

Basi mwanangu, kazi ikikuvunjikia usiitupe. Angalia imevunjikia wapi, uitie kilichopungua. Ukifaulu sema Alhamdulillahi, kisha mfundishe mwenzio, hata aliyekucheka. Mimi nilianza na Bi Khadija.

Mola akupe mikono isiyochoka, na jiko lako lisizimike.